Sisi Nani?

Jumatatu, tarehe 9 Juni. Asubuhi kulikuwa na manyunyu yale yasiyoamua kama ni mvua au ni ukungu, na baridi iliyomfanya mtu ajute kuoga.

Msomaji wangu uliyekuwa nami tangu mwanzo unajua nilikofikia. Mume wangu alifariki, nyumba ikarudi kwa mwenyewe, na wifi yangu, dada wa marehemu, akanipokea mimi na binti yangu katika vyumba vyake viwili. Akanitafutia na kazi hapo anapofanya yeye, kiwanda cha kufulia mashuka ya hospitali na hoteli. Jioni nikaanza masomo ya watu wazima, maana shuleni niliishia njiani.

Kama hukuwa nasi juma lililopita, jambo lenyewe ni hili: msimamizi wetu alitangaza kwamba kizuizi cha rola ya pasi kitang'olewa.

Rola ni pipa refu la chuma linalozunguka likiwa na moto ndani. Mimi na wifi ndio walishaji. Tunasimama mbele yake, kila mmoja ameshika pembe ya shuka bichi, tunaliingiza, na upande wa pili linatoka limenyooka. Kizuizi ni chuma chembamba kilicholala mbele ya mdomo wa rola. Kidole kikikigusa, rola inasimama. Shida ni kwamba shuka lililojikunja nalo likikigusa, rola inasimama vilevile, na kazi inachelewa. Ndiyo maana msimamizi alikichukia.

Mwezi uliopita mkono wa wifi uliingia. Kizuizi kikaisimamisha rola, na wifi akautoa mkono ukiwa na alama nyekundu tu juu ya vidole. Wengine walikuwa upande wa kukunja, hawakuona. Sheria ya pale ni kwamba mkono ukiingia kwenye mashine lazima msimamizi aambiwe, na anayeficha anafukuzwa. Wifi aliogopa angeambiwa ni mzembe.

"Wifi, umeona nini?" aliniuliza, midomo imemkauka.

"Sijaona kitu, wifi."

"Niahidi."

Nikamwahidi. Lakini tangu siku hiyo kila nikikitazama kile chuma chembamba, nakitazama kama ndugu.

Sasa nije kwa mwalimu wa jioni. Nilimweleza shida yangu baada ya kipindi: nitampingaje mkubwa wangu bila kugombana naye? Akaigeuza shida yangu kuwa somo la darasa zima. Tulikuwa kwenye viambishi vya nafsi.

"Ukitaka kupinga jambo kazini," alisema, "chunga kiambishi chako cha kwanza. 'Umekosea' ni kofi. 'Naona' ni salamu. Anza na lile mnalokubaliana, kisha sema unaloliona wewe, na usiondoke bila kumwachia njia nyingine ya kufanya."

"Na 'tunaona' je?" akauliza fundi viatu anayekaa nyuma.

"Hiyo ni nzito. Usiibebe kama hujatumwa."

Nilirudi nyumbani nikamsimulia wifi neno kwa neno. Nilikuwa na furaha ya mtu aliyepata kitu.

Jana jioni tukafanya mazoezi jikoni. Wifi anaosha vyombo, mimi napangusa.

"Haya, mimi ndiye msimamizi," akasema, akatoa tumbo mbele na kushika kiuno. "Mwenye neno?"

Binti yangu alicheka hadi akakaa chini. "Shangazi, tembea kama yeye!" Shangazi yake akatembea kama yeye, sabuni inamchuruzika viwikoni.

"Bwana msimamizi," nikaanza, "nakubaliana nawe kwamba mashuka yanachelewa. Ila naona..."

"Naona, naona! Nani anataka habari za macho yako? Wewe umefika juzi tu. Sema 'tunaona'."

"Mwalimu alisema nisiseme hivyo kama sijatumwa."

"Nakutuma mimi. Na wakunjaji wote nimeongea nao, wanakutuma. Hata Kipaza."

Kipaza ni mkunjaji mmoja aliyepewa jina hilo kwa sababu tangu azaliwe hajawahi kunong'ona.

"Kipaza amekubali?"

"Amekubali mpaka machozi yamemtoka. Haya, ukishasema 'tunaona', unafuatia nini?"

"Nasema mashuka yanajikunja kwa sababu yanatoka kwenye mashine ya kukamulia yakiwa yamesokotana. Tukipata meza ndefu hapo katikati, mtu mmoja akayatandaza kwanza, yataingia yamenyooka. Rola haitasimama ovyo, na kizuizi kitabaki."

Wifi aliacha kusugua sufuria. "Hiyo ya meza umemwambia nani mwingine?"

"Wewe tu."

"Vizuri. Usimwambie mtu." Kisha akashusha sauti, kwa sababu ya mtoto. "Na ule mkono wangu, wifi..."

"Hilo nilishakuahidi."

Kabla ya kulala nilipiga magoti kando ya kitanda. Sikuanza na ombi. Nilianza kwa kumshukuru Mungu kwa ajili ya wifi, kwamba damu ya mume wangu haikuniacha peke yangu.

Mkutano wetu wa Jumatatu tunaufanya tumesimama katikati ya matoroli, kabla mashine hazijawashwa. Zikishawashwa hasikiki mtu isipokuwa Kipaza.

Msimamizi wetu si mtu mbaya, na sitaki mumchukie kwa ajili yangu. Hospitali zinampigia simu tangu asubuhi hadi sikio linakuwa jekundu.

"Kizuizi kinatoka leo mchana," akasema. "Mama mkurugenzi atakuwepo kushuhudia. Mwenye neno?"

Nikainua mkono.

"Mwanafunzi huyo!" Kipaza akapaza. "Mpeni chaki!"

Watu wakacheka. Nami nikacheka, nikidhani ni kicheko cha watu wa upande wangu.

"Bwana msimamizi, tunakubaliana nawe kwamba mashuka yanachelewa, na tunajua lawama zote zinakuangukia wewe."

Akatikisa kichwa kukubali. Moyo ukanitulia.

"Lakini tunaona kizuizi kikitoka kutakuwa na hatari. Kwa hiyo tunaomba..."

"Subiri kidogo." Sauti yake ilikuwa ya upole kabisa. "Sisi nani?"

"Bwana?"

"Umesema tunaona, tunaomba. Sisi nani? Waliokutuma wanyooshe mikono, nizungumze nao wote kwa pamoja."

Hakuna mkono uliopanda.

Nikamtazama Kipaza. Alikuwa anasoma maandishi ya kwenye gunia la sabuni kana kwamba ni barua kutoka kwao. Nikamtazama wifi. Alikuwa anachuma nyuzi kwenye aproni yake, uzi mmoja mmoja, bila haraka.

"Wifi," nikasema.

"Mimi?" Akainua uso. "Mimi sijamtuma mtu, bwana. Huyu naishi naye tu."

Kuna mtu nyuma alikohoa ili asicheke.

"Basi endelea," msimamizi akaniambia. "Ulikuwa unakuja kwenye meza."

Sikumwelewa. "Meza gani?"

"Meza ndefu. Mtu mmoja ayatandaze mashuka kwanza. Si ndilo lililokuwa linafuata?"

Ndilo lililokuwa linafuata. Nilikuwa bado sijalitamka pale. Nilikuwa nimelitamka mahali pamoja tu, nikiwa na kitambaa cha vyombo mkononi, mbele ya mtu mmoja.

Nikamgeukia wifi; alikuwa bado anachuma nyuzi.

Ofisini, msimamizi alifunga mlango akaniambia nikae.

"Ungesema wewe kama wewe, ningekujibu tu," alisema. "Hata hiyo meza si wazo baya, ila nafasi ya kuiweka sina. Lakini mtu akisimama akasema 'sisi' wakati mashine zimezimwa, kule juu hawaiti hayo maoni. Wanaita uchochezi. Na mimi tangu jana nilishaambiwa mmejipanga kugoma."

"Kugoma? Nani alikwambia tutagoma?"

"Nikutajie, au unamjua?"

Nikautazama mlango uliofungwa.

"Mchana, mbele ya mkurugenzi, uombe radhi. Ukiomba, nitaona la kufanya. Usipoomba, mama, kazi huna."

Nilimkuta wifi kwenye chumba cha mvuke. Mle ndani mabomba yanapiga kelele, ukitaka kusikiwa na mtu lazima usimame karibu naye kama mnasalimiana.

"Wifi, nimekukosea nini?"

"Usianze."

"Ulimpigia simu. Umecheza nami jikoni, mtoto anacheka, kisha ukatoka nje ukampigia."

"Sikutoka nje. Nilipigia chooni."

Alilisema kama mtu anayesahihisha hesabu.

"Kwa nini?"

"Kwa sababu Ijumaa aliniita. Kizuizi kikitoka, mashuka yatakuwa yanaingizwa yamekunjwa katikati. Mlishaji mmoja anatosha. Mmoja wetu anaondoka, wifi, mimi au wewe, na alikuwa bado hajaamua."

"Ukaamua wewe."

"Ningefanyaje? Wewe mtulivu, wewe mchapakazi, wewe hata jioni unasoma. Angeniondoa mimi."

"Kwa hiyo ukanipa 'tunaona'."

"Mtu hafukuzwi kwa kusema 'naona'." Aliangalia mabomba. "Wewe mwenyewe ulinisimulia. Mwalimu kasema ile nyingine ni nzito."

Nililileta mimi mwenyewe nyumbani lile somo. Nililileta kama zawadi, na yeye akalipokea, akalipima, akaona mahali pa kulitumia.

"Ungeniambia tu," nikasema. "Ningeondoka mwenyewe."

"Uende wapi? Si ungerudi pale pale kwangu, ukae, mimi nilishe watu watatu kwa mikono hii miwili?"

"Mikono hiyo hiyo, wifi! Rola isiyo na kizuizi italishwa na nani kama si wewe? Umesahau mwezi uliopita?"

Akauingiza mkono wa kulia chini ya aproni, haraka, kana kwamba rola ingesikia.

"Uliniahidi," alisema. Na hapo, kwa mara ya kwanza siku hiyo, niliona anaogopa. "Wewe mtu wa sala. Uliniahidi."

"Niliahidi."

"Basi."

"Na jioni ya leo? Tunarudi nyumba moja?"

"Mtoto wa kaka yangu hana kosa. Atakula na atalala." Akafungua mlango. "Wewe utajua mwenyewe."

Nilikwenda kwenye chumba cha kubadilishia nguo, nikapiga magoti katikati ya makoti yaliyolowa manyunyu.

Nilitaka kumwombea wifi, kwa sababu ndivyo nilivyofundishwa kumfanyia anayekutenda vibaya. Nilifika kwenye jina lake nikakwama. Nikarudi mwanzo, nikakwama pale pale. Mwishoni nikamwambia Mungu ukweli, kwa kuwa anaujua: nataka aumie.

Kisha nikaogopa sana. Ombi hilo lilikuwa tayari na mjibuji wake. Rola ilikuwa inazunguka upande wa pili wa ukuta, na mchana huu huu wangeifungua mdomo.

"Hapana," nikasema kwa sauti. "Ee Mungu, hilo lifute. Usilisikie."

Nikainuka. Magoti yalikuwa na maji ya sakafuni, na nilikuwa najua jambo moja tu: hata kama nisingelala tena chini ya paa la wifi, mikono yake isingeingia mle kwa kimya changu.

Mchana mashine zilizimwa tena. Mkurugenzi alikuwa amesimama kando ya rola, mama wa makamo asiyepaza sauti, aliyevaa viatu visivyofaa kwa sakafu yetu. Fundi mitambo alikuwa amechuchumaa karibu yake, spana mkononi. Wafanyakazi tukazunguka.

"Kuna mwenzetu ana neno la kusema," msimamizi akatangaza, akanitazama kwa macho ya mtu anayekuombea usiharibu.

Nikasogea mbele.

"Naomba radhi," nikasema. "Asubuhi nilisema kwa niaba ya watu ambao hawakunituma. Sikuwatendea haki wao, na sikumtendea haki msimamizi. Naomba mnisamehe."

Msimamizi akashusha pumzi. Mkurugenzi akaitikia kidogo kwa kichwa. Fundi akaiweka spana kwenye nati ya kwanza.

"Ila sijamaliza, mama."

"Malizia," mkurugenzi akasema.

"Nakubaliana na msimamizi kwamba rola inasimama mno. Kazi inachelewa, kweli kabisa. Lakini mimi naona kizuizi kisitolewe. Simsemei mtu mwingine. Nalisha rola hii kila siku, na nimeona kwa macho yangu mkono wa mtu ukiingia na kizuizi kikaisimamisha. Kisingekuwepo, mtu huyo leo angekuwa anafunga kitambaa cha kichwa kwa meno."

Spana ilisimama.

"Mkono umeingia?" Msimamizi alikuwa amepauka. "Lini? Mbona sijaambiwa?"

"Mwezi uliopita, bwana."

Mkurugenzi aliinama akakitazama kile chuma chembamba kwa muda, kama mtu anayetambulishwa kwa mgeni. Kisha akainuka.

"Mkono wa nani?"

Wifi alikuwa amesimama nyuma ya toroli la mashuka meupe. Mkono wa kulia ulikuwa chini ya aproni. Midomo yake ilikuwa inaniita, bila sauti: wifi, wifi.

"Mama, kuna mtu..."

"'Kuna mtu' siitaki," mkurugenzi akanikata. "Umetoka sasa hivi kuniomba radhi kwa kuwasemea watu wasioonekana. Unaniletea mwingine asiyeonekana?"

"Si hivyo, mama."

"Basi mkono wa nani? Nikikata kauli kwa habari isiyo na mwenyewe, kesho kila mtu hapa ataniletea yake."

Alikuwa na haki, na hilo ndilo lililonimaliza. Asubuhi neno langu lilikuwa na watu wengi wasiokuwepo. Mchana lilikuwa na mtu mmoja aliyekuwepo, ananitazama, na nisingeweza kumtaja.

"Mtaje basi!" Kipaza akapaza. "Jamani, mtaje, vidole vyetu vipone!"

"Mtaje!" mwingine akadakia.

"Unamficha wa nini?"

Mikono ilikuwa imepanda sasa, mingi, ikininyooshea vidole. Ndiyo ile ile iliyobaki mifukoni asubuhi. Mmoja aliyekuwa karibu na wifi alimgusa begani na kumwambia, "Hebu mwambie wifi yako aseme, wewe anakusikia." Wifi akatikisa kichwa kukataa, mara moja, kidogo sana. Machozi yalikuwa yamemjaa, na sikuweza kujua kama yalikuwa ya kujuta au ya kuogopa. Nilitamani yawe ya kujuta. Nilitamani sana.

Niliomba kimoyomoyo. Nilisema, Ee Mungu, nipe sentensi moja tu. Haikuja.

Mkurugenzi alinyoosha mkono akaichukua spana kwa fundi. Akaishika kifuani kama mtu aliyeshika kitabu cha kuapia, akageuka akatutazama mmoja mmoja hadi kelele zikaisha.

"Wote mliopo hapa ni mashahidi wangu," alisema. "Huyu mama akinitajia jina sasa hivi, kizuizi hiki hakitaguswa siku zote nitakazokuwa mkurugenzi hapa. Na mwenye mkono ataondoka leo, kabla ya kengele ya kutoka, kwa sababu alificha. Asiponitajia, fundi anafungua nati ya kwanza nikiwa nimesimama hapa hapa. Hayo yote mawili nawaahidi."